Baba Alivyouvua Uzee

Ukishuka treni pale Ihumwa ukashika njia ya vumbi ya kwenda kaskazini, unatembea mpaka unachoka, unapumzika, unatembea tena, ndiyo unakuja kuona kilima kimekaa peke yake, hakina ndugu. Kile ndiyo Itumba. Chini yake ndiyo kijiji chetu, Nzugilo, na hapo ndipo nilirudi mimi baada ya kumaliza fomu foo na kupata ziro yangu safi.

Habari za ziro sitaki kuzieleza sana. Tulikuwa wengi. Mwalimu wetu wa hesabu aliondoka katikati ya mwaka akaenda kuuza mitumba, na hakuna aliyemlaumu. Ilikuwa enzi za ruksa, kila mtu anatafuta pa kutokea, na mshahara wa mwalimu ulikuwa unaishia kwenye sabuni na mafuta ya taa. Basi nikarudi nyumbani nikachunga ng'ombe wa baba, huku nawaza Mererani, nawaza Dar, nawaza popote pale ambapo siyo Nzugilo.

Sasa kile kilima kina mawe ya kijani. Sisi tumekua tunayarushia ndege kwenye shamba la mtama. Mama yangu, Tereza, alikuwa na moja kubwa la kukandamizia mfuniko wa mtungi ili mbuzi wasiufunue. Siku moja akaja Swalihu, jamaa niliyesoma naye, mtoto wa mwenye duka kule Makole, Dodoma mjini. Alikuwa amekuja kunisalimia tu. Akaliona lile jiwe, akalinyanyua, akaligeuzageuza juani, akaniambia, "Sila, nyie watu mnazuia mbuzi kwa nyumba ya ghorofa."

Tukacheka. Lakini haukupita muda madalali wakaanza kuja kwa pikipiki, na watu wakapanda kilimani na sururu na nyundo, kila mtu na shimo lake. Sisemi watu walitajirika. Aliyetajirika simjui. Ila watoto walivaa viatu, na juu ya tembe mbili tatu za udongo yakaonekana mabati.

Baba hakuchimba. Baba, Mzee Zablon, alikuwa na ng'ombe wake na alikuwa na kisima. Kisima kile alikichimba babu, kiko mguuni kabisa mwa Itumba, na ndicho peke yake kisichokauka. Kiangazi kikikaza, ng'ombe wa kijiji kizima wanakunywa pale kwa zamu, na zamu anapanga baba. Ng'ombe wa mjane wanatangulia, wa kwetu wanamaliza. Ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo maana alisimikwa uzee mapema, hata mvi hana.

Hapa lazima nieleze kidogo. Kwetu mzee siyo kila mtu mwenye fimbo. Unasimikwa. Unavishwa mgolole mweusi, unapewa mkuki, unakalishwa kwenye kigoda, wenzako wanakutemea pombe ya mtama kifuani, basi. Kuanzia hapo unakuwa na haki zako na vifungo vyako. Mzee hadanganyi juu ya ardhi, hicho cha kwanza. Halafu mzee hapingwi na mzee mwenzake mbele za watu. Akikosea, wenzake wanamwita, wanakaa naye ndani ya boma, wao kwa wao, na huko wanamwambia yote. Nimewahi kuona mtu mzima anatoka humo amelia mpaka macho yamevimba. Lakini nje, mbele ya wake na watoto, neno la mzee mmoja ndilo la wote. Sisi vijana tunaweza kusema tunachotaka. Hatuhesabiwi. Ni kama kelele za kuku.

Mwaka wa tisini na tano ukaja uchaguzi wa vyama vingi. Akaja Mheshimiwa Ndahani kuomba ubunge. Alikulia Dar, ila alisema upande wa mama yake wametoka huku huku kwetu. Alikuwa anajua kuongea, lazima niseme ukweli. Alishika jiwe la kijani akalinyanyua juu akasema nchi yetu ni tajiri kuliko hao tunaowaomba, tatizo ni uongozi, na yeye akipita hakuna mtu atakayeligusa hili jiwe bila Nzugilo kunufaika. Watu walipiga vigelegele mpaka vumbi likatimka. Mimi pia nilipiga makofi. Ningefanyaje.

Usiku ule... hapana, ilikuwa jioni, wazee wakakaa. Mwenyekiti wa kijiji alileta wazo kwamba mgeni asimikwe uzee. Kuna waliosita. Mzee Chilewa, rafiki wa baba, aliuliza mtu tusiyejua hata kwao wanakula nini, tunamvishaje mgolole. Baba ndiye aliyewashawishi. Alituhadithia mwenyewe nyumbani tukiwa tunakula, amefurahi, anakatia ugali kwenye mlenda kama kijana. Alisema, "Mtu ukishamfanya mzee umemfunga kamba. Kwenye ardhi hawezi kukudanganya tena. Kura ni ya miaka mitano. Uzee hauna mwisho."

Basi likachinjwa dume letu jeusi, na baba kwa mikono yake akamfunga Mheshimiwa mgolole begani. Mheshimiwa akatikisa mkuki, akacheza kidogo, akapigwa picha. Alicheza vibaya, kina mama walicheka wakaanguka.

Akashinda. Halafu kimya.

Mwaka uliofuata wakaja watu wa vipimo. Mwekezaji amepatikana, ndivyo walivyosema, kampuni kutoka nje. Walitembea na miwani yao ya miguu mitatu, wakawa wanasimika bikoni, vile vinguzo vya saruji vya mpaka. Wakakizunguka kilima chote. Bikoni ya mwisho waliisimika upande wa huku wa kisima. Yaani kisima kikawa ndani.

Watu wakashtuka. Mashimo yao wenyewe walikuwa wameshaanza kuyakatia tamaa, mawe ya juujuu yalikuwa yamekwisha na chini kunataka mashine. Lakini kisima. Afisa madini alipoulizwa alisema msihangaike, hakuna kilichopitishwa bado. Utafanyika mkutano wa kijiji, wananchi watasema. Mkikataa pale kisimani, bikoni inarudishwa nyuma na kisima kinabaki kwenu. Alisema hivyo mbele ya mwenyekiti na mbele yangu.

Kwa hiyo kila kitu kikawa ni huo mkutano.

Sisi vijana tulijipanga, lakini baba akanikataza. Alisema maneno ya vijana afisa atayasikia kwa sikio moja. Atasema yeye, kwa niaba ya wazee. Kiswahili chake baba ni cha kujifunzia ukubwani, kikikolea kinageuka Kigogo, na hakutaka kuchekwa. Akawa anafanya mazoezi. Mama alimkuta zizini anawaambia ng'ombe, taratibu, kwa adabu, "Ndugu afisa, tunakukaribisha. Kilima chukueni. Kisima kibaki nje." Mama alirudi jikoni anajiziba mdomo kwa kanga. Kila siku asubuhi ng'ombe wanahutubiwa kabla ya kutoka.

Siku ya mkutano tulikaa kwenye darasa la shule ya msingi, lile lisilo na madirisha, wazee mbele, sisi tumebanana nyuma na wengine wamesimama nje wanachungulia. Afisa yuko mezani. Kabla hajaanza tukasikia gari. Shangingi jeupe. Akashuka Mheshimiwa Ndahani, amevaa suti, na juu ya suti amejifunga mgolole.

Baba aligeuka akanitafuta kwa macho kule nyuma. Uso ulikuwa unang'aa. Nilijua anachoniambia: umeona, amekuja.

Mheshimiwa akasalimia, "Mbukwenyi," tukaitikia, akaenda kukaa katikati ya wazee. Mzee Chilewa alimsogelea akamnong'oneza kitu, nadhani alimwambia watoke nje kwanza wakae kidogo, wao wenyewe. Mheshimiwa akampigapiga begani, akasimama.

"Mimi leo sisemi kama mbunge," alisema. "Ubunge nimeuacha kwenye gari. Nasema kama mzee wa Nzugilo, mliyemsimika wenyewe. Ndugu afisa, sisi wazee tumekaa, tumeliangalia jambo hili, na tumeridhia. Mpaka ubaki ulipo."

Hawakuwa wamekaa. Hakuna mtu aliyekaa na yeye tangu siku ile ya dume jeusi.

Afisa akawatazama wazee, mmoja mmoja, nahisi na yeye alikuwa na wasiwasi. Akauliza, "Wazee wangu, ndivyo?"

Baba akasimama. Mimi nilikuwa nayajua maneno yake yote, na ng'ombe walikuwa wanayajua. Alifungua mdomo. Nikaona anamwangalia Mheshimiwa, halafu anautazama ule mgolole, halafu anatutazama sisi, wake na watoto wa kijiji kizima, wanangoja.

"Mzee mwenzangu ameshasema," akasema. Akakaa.

Sisi nyuma tukalipuka. Nilipiga kelele kwamba ni uongo, hawajakaa, kisima ni chetu. Wenzangu na wao. Afisa akagonga meza akasema vijana tuheshimu wazee wetu. Mheshimiwa akacheka vizuri tu, wala hakukasirika. Alisema hawa watoto wamemaliza shule wamekaa bure, lazima wachemke, tumwombe mwekezaji awafikirie ajira. Watu wakacheka. Afisa akaandika alichoandika, wakaondoka.

Uzio ukajengwa mapema kuliko tulivyodhani. Waya wa miiba, na mlinzi kutoka mbali asiyejua jina la mtu. Ajira walipata wawili, wa kufyeka. Kampuni ilikuwa inaleta gari la maji Jumamosi, na maji yale ni ya binadamu, ukionekana unamnywesha ndama unafukuzwa kwenye foleni.

Halafu kikaja kiangazi, na kiangazi cha mwaka ule kila mtu wa Dodoma anakikumbuka. Nilikuwa naswaga ng'ombe mpaka kwenye korongo la mchanga, mbali, tunachimba, tunangojea maji yajikusanye kama machozi. Ng'ombe walikuwa wanapita kando ya waya wananusa. Kisima wanakisikia harufu. Kuna jike moja jekundu, mama wa wengi pale zizini, lilikuwa linasimama pale kwenye uzio halisogei, unalipiga halisogei, mpaka siku moja likapiga magoti pale pale na halikuamka. Baba alikuja kulichuna mwenyewe.

Nilikuwa nagombana naye kila siku. Nilimwambia tukate waya. Nilimwambia yule siyo mzee, ni mwanasiasa, kitambaa tu kile alijifunga. Baba alikuwa ananijibu kwa upole unaoudhi. Alisema mzee akikosea anaitwa. Ataitwa, atakuja, atakaa bomani, ataambiwa, na ataenda mwenyewe kurudisha alichosema. Akatuma mtu kwa mwenyekiti, mwenyekiti akasema amefikisha. Hakuja mtu. Akatuma tena. Huku zizi linapungua, wengine wanakufa, wengine tunawapeleka mnadani wananunuliwa kwa bei ya ngozi.

Mwisho akasema atakwenda mwenyewe kumwita. Tukaenda naye mjini. Tulifikia kwao Swalihu, wakatupokea vizuri, mama yake Swalihu, Bi Adija, akampikia baba wali wa nazi, na asubuhi Swalihu akatupeleka mpaka kwenye nyumba ya Mheshimiwa. Kulikuwa na benchi barazani na watu wamekaa kwa foleni. Baba hakutaka kukaa. Alisimama na mgolole wake na fimbo, kwa sababu mzee haendi kwa mzee mwenzake kwa foleni. Tulisimama sana.

Mheshimiwa alipotoka alimwona, akamjia mikono yote miwili mbele, akainama.

"Shikamoo mzee wangu."

Pengine mtu wa mahali pengine hataona tatizo. Mheshimiwa alikuwa na adabu. Lakini mzee na mzee hawapeani shikamoo. Shikamoo anatoa mtoto. Baba mkono wake ulibaki hewani. Hakuitikia marahaba. Yule akadhani hajasikia, akarudia kwa sauti zaidi.

Tukaingizwa sebuleni. Akauliza, "Mzee unatoka kijiji gani vile?"

"Nzugilo," baba akasema.

"Nzugilo. Wale wa zabibu?"

"Wa mawe."

"Aa, wa mawe. Haya, hali ya kule? Maji mnapata?"

Baba akamwambia amekuja kumwita, wakakae. Alisema kwa Kiswahili chake kile cha mazoezi, taratibu. Mheshimiwa akasema hakuna shida kabisa, kikao ni jambo zuri, amwone katibu apange tarehe. Na mimi wakati huo nilikuwa natazama kona ya nyuma ya mlango. Kulikuwa na mikuki pale, fungu zima, imesimamishwa pamoja na miavuli, na migolole imetundikwa kwenye msumari mmoja, mweusi, mwekundu, wa mistari. Nikamuuliza wa kwetu ni upi.

Akacheka. Siyo kwa dharau, alicheka kama mtu mnayeelewana naye. "Kijana, hata mimi nachanganya. Nimesimikwa kila kona ya mkoa huu."

Baba akaaga. Alipewa fulana na nauli. Fulana aliipokea maana hakujua afanye nini na mikono, nauli akaiacha juu ya kochi.

Njiani, kwenye lori tulilopanda kurudi, alikaa anatazama nyuma, Dodoma inapungua. Tulikuwa tumeshapita Ihumwa ndiyo akasema, "Hakujua. Mtu hawezi kufungwa na kitu asichokijua. Kamba niliyoifunga nilijifunga mwenyewe."

Kesho yake asubuhi aliukunja mgolole, akachukua mkuki wake, akaenda kwa Mzee Chilewa walikokuwa wamekusanyika, akaviweka chini mbele yao. Aliwaambia anatoka kwenye uzee. Hajawahi kutokea mtu wa kufanya hivyo, hata jina la kitendo hicho halipo. Walimsihi mpaka mchana. Walimkumbusha kwamba pombe hatakunywa tena kwenye kibuyu chao, kwenye posa za watoto wake hatasema, na akifa atazikwa na kina mama na vijana, wao watasimama mbali. Mzee Chilewa alilia. Baba alisema yote ameyafikiria. Anataka mdomo wake. Mzee hawezi kumpinga mzee hadharani, lakini asiye mzee anaweza.

Mama alimpokea, akamwekea maji ya kunawa, akaenda nyuma ya nyumba. Nilimsikia analia kule.

Ilibidi tungoje. Mheshimiwa alirudi Nzugilo mvua za kwanza zilipoanza kudondoka, amekuja kukabidhi madawati ya mwekezaji. Uwanja wa shule, turubai, spika kubwa mbili, kwaya. Zizini kwetu wakati huo walikuwa wamebaki mbuzi. Wazee walikaa mbele kwenye vigoda vyao. Baba alikuja na sisi, amevaa shati na kaptula, akasimama katikati ya vijana nyuma kabisa. Watoto wakawa wanamtazama magoti. Mimi nilitamani ardhi inimeze, halafu nikaona aibu kwa kutamani hivyo, nikamsogelea nikasimama bega kwa bega.

Mheshimiwa alipomaliza, kabla mshereheshaji hajaita kwaya, baba akanyoosha mkono. Hakupewa nafasi. Akasema hivyo hivyo.

Alisema yote. Kiswahili kilinyooka siku ile, hakikugeuka mahali popote. Alisema, "Mimi Zablon nilikuwa mzee wa hapa. Hatukukaa. Hatukuridhia. Huyu alisema uongo juu ya ardhi, na mimi nilinyamaza. Kisima ni cha watu. Kirudishwe."

Sema kijana wa spika alikuwa ameshawasha muziki. Aliona mtu anasimama nyuma bila maiki, akadhani mlevi. Niliona watu wa safu ya mbele yetu wakigeuka, wakiangalia mdomo wa baba, wakigeukia tena kwaya. Kule mbele wazee walikuwa wameinamisha vichwa, sijui kama ni kwa kusikia au kwa kutotaka. Mheshimiwa alikuwa anapiga makofi kufuata ngoma.

Baba alipomaliza alibaki amesimama. Alikuwa anahema kama aliyekimbia. Akanigeukia, macho yake nimeyaona mara moja tu yakiwa vile.

"Nimesikika?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Ndiyo baba. Mpaka mbele."

Akatikisa kichwa, akajipangusa uso na shati. Nikamshika mkono tukaanza kuondoka, maana mvua ilikuwa inakaza.